Uko Sawa Kuruka?

Uvumi huu niliuletewa na mteja, pamoja na kitambaa cha pazia.

"Mama Mapazia, umesikia?" Akakitupa kitambaa mezani. "Marubani wamelala angani. Wote wawili! Ndege imeupita mji, ikaenda zake. Abiria wanachungulia dirishani, uwanja unabaki nyuma."

"Nipe vipimo vya dirisha," nikamwambia.

Akanipa, nikaandika, akaenda zake. Lakini neno lile halikuondoka naye. Kila nikikanyaga cherehani, cherehani inasema wamelala, wamelala, wamelala. Nikaacha kushona, likahamia kwenye sufuria inayochemka. Watu wengi waliusikia uvumi huo wakacheka, wakasema watu kwa kutunga! Mimi sikuweza kucheka. Kijana aliyetaka kumwoa binti yangu ni rubani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona akilala mahali ambapo mtu hawezi kulala. Kwangu uvumi ulikuta kiti kimeshawekwa.

Naandika haya kwa wenye mabinti, na kwa wenye vijana wa kiume waliovaa shati jeupe la kampuni. Niliishia shule ya msingi. Mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Mengine niliyaona, mengine nimeambiwa na wenyewe, na yaliyobaki nimeyapima kwa jicho, kama ninavyopima dirisha la mtu ambaye hana muda wa kunifungulia mlango.

Binti yangu alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya zamu ya kampuni ya ndege. Wengi mkisikia kampuni ya ndege mnawaza mrembo wa kubeba trei. Yeye hakuwahi hata kupanda. Alikaa chumba cha chini, hedifoni masikioni, na kompyuta iliyojaa majina ya marubani. Mmoja akiugua, au ndege ikichelewa, yeye ndiye wa kupiga simu kutafuta mwingine wa kuziba pengo. Kila akimpigia rubani, sheria inamtaka amuulize swali moja: "Uko sawa kuruka?" Rubani anajibu, yeye anabonyeza jibu kwenye kompyuta. Bila jibu hilo ndege haiondoki.

Marubani hawakumjua sura. Walimwita Sauti. Na yeye, kati ya wote, alikuwa na mmoja aliyempa jina moyoni. Wengine wakiulizwa walilalamika kwanza, wakaguna, wakauliza hali ya hewa. Huyu alijibu palepale, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Niko sawa." Basi. Binti yangu akamwita Nikosawa.

Walikutana duka la dawa, mchana, mwisho wa mwezi, foleni imefika mlangoni. Binti amevaa gauni la kijani nililomshonea mimi, mkanda umembana kiunoni, nywele amezikusanya juu. Mbele yake kulikuwa na mwanaume mrefu, suruali imepigwa pasi ikasimama, mabegani alama za mahali vyeo vilipokuwa. Soksi moja nyeusi, nyingine bluu.

"Karibu kaka, habari yako?" akauliza muuza dawa.

"Niko sawa," akajibu yule mwanaume. "Naomba dawa ya macho na vizibo vya masikio."

Binti yangu akamgusa bega.

"Samahani. Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Hivyo ulivyosema."

"Dawa ya macho?"

"Kabla ya hapo!"

Akamwangalia. "Niko sawa?"

"Ni wewe!" Binti akapiga makofi mbele ya watu wote. "Wewe ndiye Nikosawa!"

Mwanaume akamkazia macho, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Halafu akasema taratibu, "Sauti."

"Ndiyo mimi."

"Kumbe una miguu."

"Ulidhani nakaa ndani ya simu?"

"Nilidhani ukimaliza kazi wanakuzima pamoja na taa."

Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yao akapiga fimbo chini. "Wapenzi, sogeeni kidogo. Dawa yangu ya presha haisubiri mfahamiane."

Walitoka pale wakaenda kunywa soda. Binti aliporudi nyumbani nilijua bila kuambiwa, maana alisahau kuvua viatu.

Mapenzi yao yalikaa kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa ya ofisi: "Rubani, habari za asubuhi, uko sawa kuruka?" "Niko sawa." Ya pili alipiga baadaye, kwa simu yake mwenyewe, amejificha kwenye ngazi za jengo.

"Haya sasa, laazizi. Uko wapi?"

"Niko kitandani. Naangalia dari."

"Dari linasemaje?"

"Linasema nilale. Mimi nalisikiliza tu."

"Nikuimbie?"

"Ukiimba dari litaanguka, mpenzi."

"Mshenzi wewe!" Na vicheko mpaka mfagiaji anachungulia.

Binti aliniambia, "Mama, huyu hapigi kelele. Wanaume wote niliowajua wana kelele." Nikasema sawa. Sikujua kwamba kuna utulivu wa mtu aliyetulia, na kuna utulivu wa mtu aliyeisha. Kwa nje vinafanana, na binti yangu alikuwa hajafundishwa kuvitofautisha.

Siku moja kijana akaja kwangu mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nataka pazia."

"Rangi gani?"

"Rangi yoyote isiyopitisha mchana."

"Mchana umekukosea nini?"

"Ndio usiku wangu, mama."

Nikamtolea kitambaa kizito cheusi chenye mgongo wa mpira. Akakishika, akakiweka usoni, akasimama hivyohivyo nikafikiri amelala amesimama. Nikaanza kumhoji. Mama mwenye binti hakosi maswali.

"Hiyo kazi yenu mbona inawakausha hivyo? Nilidhani ni raha. Mnaona mawingu."

"Mawingu ni mazuri." Akakaa. "Mama, sisi tuna saa za kupumzika, ziko kwenye sheria. Lakini zinaanza kuhesabiwa ndege ikizima injini. Injini imezima, mimi bado nasubiri gari la kampuni. Gari linakuja likitaka. Nafika hoteli ya bei rahisi iliyo juu ya karakana, wanagonga mabati chini. Nikisinzia, simu: zamu imebadilika. Siku yangu ya mapumziko, simu: tunakuomba. Kwenye karatasi nimepumzika. Karatasi imelala vizuri sana."

"Na hamsemi?"

"Mwenzetu alisema. Aliandika kwamba amechoka, hawezi kuruka. Akaitwa juu, akaulizwa kama anaipenda kazi. Sasa yuko nyumbani, anaipenda kutoka huko."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ametoa mzaha kama mtu anayetoa takataka nje.

"Hao wakubwa wenu hawajui uchovu ni nini?"

"Mkuu wa zamu zamani alikuwa anauza mabati. Anajua kupanga. Bati ukilipanga linakaa." Akanyoosha kitambaa magotini. "Kila mkutano wanatuambia sisi ni familia moja. Mshahara si mbaya, mama, nisiseme uongo. Kinachoniua ni kuulizwa swali ambalo jibu lake wameshaliandika."

Nilimshonea pazia lile kwa mikono miwili, upindo mara mbili. Nikampenda. Nasema ukweli, nilimpenda kabla sijamwelewa.

Basi, Mkuu wa zamu akagundua. Alikuwa mtu wa tumbo dogo na tai fupi, anatembea kati ya meza akinyonya peremende. Aliona kwamba Nikosawa hapokei simu ya mtu mwingine siku ya mapumziko, lakini Sauti akipiga, anapokea mlio wa kwanza.

"Mpigie wewe," akamwambia binti yangu. "Wewe hakukatai."

Wenzake wakacheka, "Eheee, bibi harusi!" Na yeye akaona haya tamu. Msichana akipewa sifa kwamba mwanaume hamkatai, hajiulizi hiyo sifa ina kazi gani.

Akapiga. "Moyo wangu, nisaidie hii moja tu."

"Nilikuwa naingia kulala."

"Najua, kipenzi. Moja tu. Halafu nitakupikia."

Upande wa pili kitanda kikalia, mtu anainuka.

"Uko sawa kuruka?" akauliza.

"Niko sawa."

Akabonyeza. Hii moja tu ikazaa nyingine. Alipoona anafaulu kwa huyu, Mkuu akampa na wengine wagumu, naye akajifunza ulimi wa kila mmoja: huyu anapenda kusifiwa, yule mtajie watoto wake. Mwisho wa robo mwaka wakabandika picha yake ukutani, Mfanyakazi Bora, amevaa gauni lilelile la kijani. Alinitumia ile picha kwenye simu. Nikamwonyesha kila mteja.

Ikafika siku ya kijana kuja kujitambulisha kwa familia. Nilifua vitambaa vya viti, nikaazima glasi. Kaka yangu, mjomba wa binti, alivaa suti ya kijivu na viatu vipya vya ngozi ambavyo alivinyoosha mbele ili tuvione. Mjomba ana hotuba yake. Inaanza kwa babu yake babu, na haina njia ya mkato.

Asubuhi ya siku hiyohiyo rubani mmoja akaanguka na homa. Mkuu akaja nyuma ya kiti cha binti yangu, peremende mdomoni.

"Mpigie wewe."

"Bosi, leo anakuja kwetu."

"Ni kwenda na kurudi. Atawahi. Au unataka abiria walale uwanjani kwa sababu ya harusi yako?"

Akapiga.

"Mpenzi wangu, utawahi, nakuapia. Mjomba mwenyewe huwa anachelewa."

"Nimetua alfajiri, Sauti."

"Najua. Fanya kwa ajili yangu. Uko sawa kuruka?"

"Niko sawa."

Alikuja. Alitoka uwanjani moja kwa moja, na sare yake, vyeo begani, kofia kwapani, mfuko wa matunda mkononi. Akatuamkia wote vizuri. Wifi yangu akaninong'oneza, "Wewe! Huyu si mkwe, huyu ni picha ya kalenda." Akakaa kwenye kochi, nikampa glasi ya juisi ya machungwa. Mjomba akasimama, akakohoa, akaanza na babu yake babu.

Hata hajafika kwa babu yake mwenyewe, nikaona macho ya kijana yamebaki wazi lakini hayapo. Halafu yakafunga. Glasi ikainama polepole, kama mtu anayemimina kwa adabu, juisi yote ikaingia kwenye viatu vipya vya mjomba.

"Amelewa!" mjomba akapiga kelele. "Amekuja kuomba mke amelewa!"

Kijana akashtuka, akasimama wima kama askari, akasema kwa nguvu, "Niko sawa!"

Watoto wa wifi wakaangua kicheko. Watu wazima hawakucheka. Mjomba akatoka, kila hatua kiatu kinalia chwaa, chwaa. Wifi akamfuata. Binti yangu akamvuta kijana mpaka barazani. Mimi nilikuwa dirishani, na pazia nililishona mwenyewe, kwa hiyo najua linavyopitisha sauti.

"Umenidhalilisha."

"Nisamehe."

"Mbele ya mjomba! Siku moja tu, umeshindwa kukaa macho siku moja?"

"Ulinipigia wewe, Sauti."

"Nilikuuliza! Nilikuuliza uko sawa, ukasema uko sawa. Ulinidanganya!"

"Ndiyo." Akavaa kofia. "Uliniuliza."

Akaondoka.

Sikumwona binti yangu akilia, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anaamka, anaoga, anavaa, anakwenda kazini, anarudi. Alikula kama mtu anayejaza fomu. Simu za ngazini ziliisha. Zikabaki za ofisi tu.

"Rubani, habari za asubuhi. Uko sawa kuruka?"

"Niko sawa."

"Asante."

"Karibu."

Nilimuuliza, "Unamkumbuka?" Akajibu, "Niko sawa, mama." Nikaacha sindano ikanichoma. Ugonjwa ule ulikuwa umeshaingia nyumbani kwangu.

Hapo ndipo uvumi ulipokuja, na kitambaa cha pazia.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikamwekea chai nikamwambia nilichosikia. Aliweka kikombe chini. Ofisini walikuwa wameshaambiwa waseme redio ya ndege iliharibika, ndiyo maana marubani hawakuitika. Mkuu alilitamka hilo akinyonya peremende, na kila mtu akarudi kwenye kompyuta yake. Lakini ndege ile binti yangu aliijua. Alijua nani alikuwa ndani. Alikuwa amewapanga yeye.

Akachukua simu yake mwenyewe, palepale mbele yangu, akaiweka mezani sauti wazi.

"Sauti," ikasema simu.

"Ni nyinyi?"

"Ni sisi. Mimi na kapteni."

"Mlilala."

"Tulilala. Sijui nani alitangulia. Niliamka redio inaita jina la ndege yetu, inaita kama mama anavyoita mtoto aliyepotea sokoni. Nikaangalia chini, mji uko nyuma. Kapteni amelala mdomo wazi. Nikamwamsha, tukageuza, tukatua vizuri sana. Abiria wakapiga makofi."

"Uliogopa?"

"Hapana. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nafikiria chai. Watu wote wale nyuma yangu, na mimi nafikiria chai. Baadaye, niko hotelini nafunga mlango, ndipo nikajiogopa. Lakini si sana."

Binti yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Siku ile ulikuwa na mapumziko," akasema.

"Ndiyo."

"Nani alikupigia?"

"Unajua nani alinipigia."

Hakukuwa na ugomvi kwenye sauti yake. Ingekuwa heri kungekuwa nao. Binti akakata simu, akateremka kitini, akakaa sakafuni juu ya vipande vyangu vya kitambaa, kama alivyokuwa anakaa akiwa mdogo.

"Mama, mimi nauliza tu. Kazi yangu ni kuuliza."

"Unauliza ili upate jibu lipi, mwanangu?"

Akaanza kuokota vipande vile kimoja kimoja. Nilirudi kwenye cherehani.

Haikupita wiki. Mchana, ofisi imejaa, simu zinalia, ubao wa safari una mistari myekundu. Mkuu akaja nyuma ya kiti.

"Kuna pengo. Mpigie wewe."

Binti akavaa hedifoni. Mkuu akasimama palepale. Safari hii hakuondoka, mkono juu ya mgongo wa kiti, na sauti ya simu aliitoa kwenye spika ili asikie. Upande wa pili, kwenye chumba cha giza la pazia langu, simu ikapokelewa mlio wa kwanza.

"Rubani, habari za mchana."

"Nzuri."

"Uko sawa kuruka?"

"Niko sa..."

"Ngoja!" Binti alisema kwa nguvu mpaka wenzake wakageuka. "Ngoja. Sijamaliza kuuliza. Sikuombi, na sikubembelezi. Umelala?"

"Swali ni moja!" Mkuu akasema nyuma yake.

"Umelala? Umekula? Ukinyoosha mkono wako hapo ulipo, unatulia? Nakuuliza kwa sababu sijui, na nataka kujua. Uko sawa kuruka?"

Chumbani, kijana alinyoosha mkono gizani. Hakuuona, lakini aliusikia ukitetemeka. Aliniambia baadaye kwamba jibu la zamani lilikuwa mdomoni, limejipanga lenyewe, na kulirudisha kulimchosha kuliko kurusha ndege.

"Siko sawa," akasema.

Ofisi nzima ilisikia. Akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Siko sawa, Sauti. Siku nyingi siko sawa."

"Nimekusikia," akasema binti yangu. "Lala." Akabonyeza jibu.

"Futa," akasema Mkuu. Peremende ilikuwa imesimama shavuni. "Andika hakupatikana."

"Amepatikana, bosi. Ndiyo kwanza amepatikana."

"Piga wa pili basi!"

Akampigia wa pili, na swali akauliza vilevile, lote. Wa pili akavuta pumzi, akasema hayuko sawa. Wa tatu akauliza, "Nani mwingine amesema?" Binti akamwambia, "Sijui la mwingine. Nakuuliza wewe." Akasema basi, hata yeye hapana. Mkuu akamvua hedifoni kwa mkono wake, akaivaa, akaingia kwa namba yake, akaanza kupiga mwenyewe. Hakuna aliyepokea. Waliijua namba ya Mkuu, na walikuwa wanamngoja Sauti.

Jioni ile ndege zililala chini. Abiria walitukana, na walikuwa na haki. Mmoja alikuwa anawahi msiba. Sitasema kila kitu kiliisha vizuri. Picha ya binti yangu iliteremshwa ukutani kabla hajafungasha vitu vyake, ikabaki alama ya gundi. Alifukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Kapteni yule mzee aliandika ukweli kuhusu redio, maana alikuwa karibu na kustaafu na alisema hataki kustaafu na uongo huo. Yeye na Nikosawa wakasimamishwa, leseni zao zikachukuliwa na wakaguzi. Mkuu wa zamu alipandishwa cheo, akapelekwa idara ya mizigo. Saa za kupumzika sasa zinahesabiwa kuanzia mtu anapofika kitandani, nasikia. Nasikia tu. Mimi siamini uvumi mzuri haraka kama ule mbaya.

Binti yangu na kijana hawakupigiana simu. Kila mmoja aliona aibu ya kwake.

Halafu asubuhi moja nikasikia hodi. Kijana amesimama mlangoni, fulana ya kawaida, ndevu zimeota, soksi zote mbili nyeusi.

"Shikamoo mama. Sauti yupo?"

"Marahaba. Ameenda dukani. Kaa, nikuletee maji."

Aliketi kwenye kochi lilelile. Kurudi na glasi, nikamkuta amelala, kichwa kimeangukia mkono wa kochi, kama nguo iliyodondoka. Nikairudisha glasi jikoni. Nikatafuta kipande cha kile kitambaa cheusi kilichobaki, nikakining'iniza dirishani kwa pini.

Binti akarudi na mkate. Akasimama mlangoni. Nikaweka kidole mdomoni kumwonya. Akaweka mkate, akavua viatu, akakaa chini kando ya kochi, mgongo ameuegemeza hapo. Hakumgusa.

Saa sita, kama shetani alivyopanga, akaingia mjomba kuchukua suruali yake niliyoipunguza.

"Huyu tena?"

"Punguza sauti, kaka."

"Kalewa?"

"Kachoka. Hata siku ile alikuwa kachoka. Alikuwa ametoka angani mara mbili."

Mjomba akamwangalia muda mrefu. Yeye ni dereva wa lori mstaafu. Uso ukambadilika kidogo. Kuna barabara alizikumbuka. Akavua viatu vyake, akavipeleka mbali, nyuma ya mlango. Halafu akavuta kiti, akakohoa mkononi, na kwa mnong'ono akaanza upya na babu yake babu. Nilitaka kucheka nikashindwa. Alimaliza hotuba nzima hivyo, kwa mtu aliyelala, na ilikuwa mara ya kwanza sisi kuisikiliza mpaka mwisho.

Jua lilipoanza kuegemea, kijana akafungua macho. Akaona giza la kitambaa, akaona mgongo wa binti yangu.

"Sauti."

"Mm."

"Sina kazi."

"Hata mimi."

"Sijui kama nitarudi angani. Kuna siku natamani, kuna siku sioni tofauti." Alisema akiangalia dari langu. "Hata sasa sidanganyi. Najua nakupenda. Najua kama ninavyojua jina la mji ulio chini ya mawingu. Upo, lakini sijauona bado."

"Si kitu. Zunguka hapo juu mpaka wingu litoke. Mimi nipo chini."

"Mafuta yakiisha?"

"Utaanguka kwangu, mjinga wewe."

Akatabasamu upande mmoja. Ulikuwa upande mmoja tu, nisiongeze chumvi.

"Nataka kukuoa," akasema.

Binti akageuka, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya juisi.

"Uko sawa kuoa?"

Nikamwona kijana anafungua mdomo, anaufunga, anafikiri.

"Siko sawa," akasema. "Lakini nataka."

"Jibu hilo nimelipokea," akasema mjomba kutoka kwenye kiti chake, maana hakuna aliyekumbuka kwamba bado yupo.

Tarehe hatujapanga. Kijana anakuja, analala, anakula, anaondoka. Wiki iliyopita alicheka mzaha wa mjomba, akachelewa kidogo, wenzake tulikuwa tumeshamaliza. Binti ananisaidia mapazia. Mimi bado naogopa, kwa sababu kampuni nyingine imempigia, na simu ilipolia alikaa wima kabla hajajua ni nani.

Mnaosoma, yaepukeni haya:

Usimpigie simu unayempenda kwa niaba ya bosi wako.

Usifurahie kuambiwa "wewe hakukatai."

Usikubali jibu linalotoka kabla swali halijaisha.

Usiruhusu picha yako ibandikwe ukutani kwa uchovu wa mtu mwingine.

Usimwite mlevi mtu ambaye hujauliza ametoka wapi.

Usimwozeshe binti yako kwa mtu ambaye kila siku yuko sawa. Msubiri mpaka siku atakayosema hapana.

Usiseme uchovu ni mambo ya marubani. Uliza na dereva, uliza na muuguzi.

Usinunue pazia jepesi kwa anayelala mchana.

Na akilala kwenye kochi lako, usimwamshe.